Naomba Uwe Somo Wangu

Nshamba,
1 Desemba 2024

Mpendwa Alistidia,

Salamu nyingi. Natumaini ulifika Muleba salama na sanduku lako halikufunguka tena njiani. Barua hii ataileta Avit, yule dereva wa lori la kahawa, kwa sababu Baba hataki nishike simu mpaka matokeo ya kidato cha nne yatoke, na simu ya mama yako najua inasomwa na nyumba nzima.

Nimepata. Chama cha wakulima kule Bukoba kimenichukua kwenye mafunzo ya kuonja kahawa. Ni miezi mitatu, yanaanza tarehe 13 Januari. Ulinicheka ukasema hiyo ndiyo kazi pekee duniani ambayo mtu anafundishwa kunusa na kunyamaza. Ndiyo maana naitaka kuliko kitu kingine chochote.

Shida ni kwamba hawatoi malazi. Baba amesema nitakwenda tu kama nitapata nyumba ya mtu mzima ambaye familia inamjua, na mjini hatuna ndugu. Yuko mtu mmoja: yule mwanamke niliyepewa jina lake. Anaitwa Bi Nuriat Saburi, anakaa Kitendaguro, na alisoma na Mama. Uliwahi kuniuliza kwa nini Mkatoliki wa Nshamba anaitwa Nuriat. Sikuwa na jibu kwa sababu Mama mwenyewe hajibu. Juzi nilipomtaja aliendelea kumenya ndizi, kisha akasema, "Huyo alishasema lake zamani." Ninachojua ni kwamba nilipozaliwa aliitwa aje kuniona, hakuja.

Nitamwandikia bila Mama kujua. Nimeshachana barua tatu. Naona aibu kumwomba mtu nisiyemjua kitanda na chakula, asije akadhani ndicho pekee nilichomtafutia. Kwa hiyo sitataja kahawa wala malazi. Nitamwomba tu awe somo wangu, kama parokiani tunavyosema kila mtu ana somo wake, mwenye jina lake, wa kumwombea. Akikubali, mengine nitamweleza taratibu.

Niombee.

Rafiki yako,
Nuriat


Nshamba,
4 Desemba 2024

Bi Nuriat,

Shikamoo. Nimefikiri sana nianze na salamu ya dini gani, nikaona shikamoo inatosha kwa wote.

Mimi ni Nuriat, binti wa Benigna. Kwenye ubatizo niliandikwa Annastella, lakini nyumbani na shuleni ni Nuriat. Hunijui, ingawa kila siku ninaitwa kwa jina lako.

Mwezi uliopita nilimaliza shule. Sasa kuna jambo kubwa linanijia mwezi Januari, huko huko Bukoba. Baba amekubali, ila anataka awepo mtu mzima wa kunishika mkono, na mimi sina mwingine. Naona haya kulieleza jambo lenyewe kwenye karatasi. Ninachoomba ni hiki tu: uwe somo wangu.

Sina makuu. Najua kupika, kufua, na kukaa kimya. Kama haiwezekani sitaudhika, na nitaendelea kulitunza jina lako vizuri.

Wako,
Nuriat Kahangwa


Kitendaguro,
9 Desemba 2024

Somo wangu, mwanangu,

Marahaba mara mia. Avit amenikuta nina hina mikononi, ikabidi jirani yangu anishikie karatasi huku mimi nasoma. Tulipofika mwisho nilimwambia arudi mwanzo.

Unaniomba niwe somo wako? Mtaa huu mzima hawaniiti jina jingine, ni Bi Somo tu. Babu yangu alikuja Bukoba na biashara kutoka Pangani, na bibi yangu alikuja na kazi hii. Nimewashika mkono wasichana wengi wa mji huu, na wote wametulia. Nishindwe na wewe mwenye jina langu?

Jambo lenyewe usilitaje. Nimelielewa, na haya yako ni dalili ya malezi. Benigna hakukosea.

Utakuja siku saba kabla. Mwari wangu haingii jikoni wala hapigwi jua. Nitakusinga kwa liwa mpaka ngozi iteleze, nitakufukiza udi, na jioni tutakaa sisi wawili nikufundishe yale ambayo mama hawezi kumwambia bintiye. Sitaki malipo. Na usinipigie simu, mambo haya hayasemwi kwenye simu.

Ila nieleze habari za mwenyewe. Ni mtu wa wapi? Ana umri gani? Ni mpole? Umemwona kwa macho yako au umesimuliwa? Nauliza haya yote kwa sababu mimi sikuulizwa.

Somo wako,
Nuriat Saburi


Nshamba,
14 Desemba 2024

Bi Nuriat, somo wangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma chini ya mibuni, mahali ambapo hakuna anayepita. Nilishangaa ulivyolielewa jambo bila mimi kulitaja. Nadhani Avit amekusimulia. Mengine uliyoandika sikuyaelewa vizuri, kama hilo neno mwari, lakini nadhani ni utaratibu wa mjini na nitajifunza.

Umeniuliza habari za mwenyewe. Anaitwa Bwana Rugaibula, kwao ni Kamachumu. Umri wake ni kama miaka sitini. Baba anamfahamu tangu zamani, anasema ulimi wake ni mkali lakini ni mtu wa haki. Nilimwona mara moja tu, siku aliyokuja kutuchagua. Tulisimama mstari, akapita, hakuuliza majina. Tutakuwa sita. Anatuchukua wote kwa pamoja, na baada ya miezi mitatu ataamua nani abaki kwake na nani arudi kwao. Namwomba Mungu niwe wa kubaki.

Kuhusu liwa na udi, nakushukuru sana, lakini amekataza. Hataki harufu yoyote mwilini mwetu, hata sabuni ya manukato. Amesema tuoge maji matupu. Vitunguu pia hataki tule.

Mama bado hajui kwamba tunaandikiana. Baba hajali ni nani, mradi ni mtu anayejulikana. Naogopa Mama akijua atakataa, na nikikosa nafasi hii sijui nitafanya nini hapa nyumbani.

Wako,
Nuriat


Kitendaguro,
17 Desemba 2024

Benigna,

Nimeandika jina lako nikakwama. Sijui nikuite nani baada ya miaka hii yote, basi utabaki Benigna.

Mtoto mwenye jina langu unampeleka kwa mzee wa miaka sitini, awe mmoja wa sita, kwa majaribio ya miezi mitatu? Sabuni amemkatalia. Vitunguu amemkatalia. Nimeoza watu wa kila namna katika mji huu, sijasikia bwana harusi wa hivyo. Na ninyi watu wa kanisani mnahesabu mke mmoja, au Rugaibula huyo ana kanisa lake?

Ungekuwa mtu mwingine ningenyamaza. Lakini ni wewe. Wewe ndiye uliyenifungia sanduku siku waliyokuja kunitoa darasani, kidato cha tatu. Uliikunja sare yangu ukaiweka juu kabisa, kana kwamba nitarudi Jumatatu. Ulimwona yule mwanamume akinisubiri getini na kofia yake. Uliniambia, "Mungu akinipa binti hataondoka hivi." Nimeishi na maneno hayo.

Usimpige mtoto. Ameniandikia kwa adabu kubwa. Anasema anamwomba Mungu awe wa kubaki, na nilipofika hapo sikuweza kuendelea kusoma.

Na kwa kuwa nimeshaanza kusema, nimalize. Ulipojifungua ukatuma mtu aniambie umemwita Nuriat, sikuja. Nilisikia baadaye kwamba umechukia, kwamba unadhani nimeona aibu jina langu kukaa katika nyumba ya Kikristo. Siyo hivyo. Unakumbuka ile kahawa mbivu tuliyoichuma nyuma ya bweni, tukaitoa punje zake mbili, wewe ukatafuna moja na mimi moja, kama wazee wa Kihaya walivyofanya omukago, kiapo chao cha undugu? Tuliapa wawili. Binti wako wa kwanza ni Nuriat, wa kwangu ni Benigna. Wewe ulitimiza. Mimi mwaka ule nilikuwa nimeshakaa ndoani miaka mingi bila mimba, na baadaye nikaachwa kwa sababu hiyo hiyo. Ningekuja kumbeba Nuriat wako, halafu unaniuliza Benigna yuko wapi, nikujibu nini?

Kama mmeshindwa kumlisha, mleteni kwangu. Lakini kwa mzee huyo, hapana.

Nuriat Saburi


Nshamba,
20 Desemba 2024

Alistidia mpendwa,

Sijui nianzie wapi. Bi Nuriat alidhani naolewa.

Huko kwao pwani, somo ni yule mama anayemfunda msichana kabla ya harusi. Ndiyo kazi yake pale mjini. Mimi nikamwandikia kwamba nina jambo la Januari, naona haya kulitaja, naomba awe somo wangu. Halafu akaniuliza habari za "mwenyewe," nami nikadhani anamuulizia mwalimu wetu, Bwana Rugaibula. Nikamjibu yote, Alistidia. Nikamwambia hata kwamba tuko sita.

Avit aliileta barua yake jana, imeandikwa jina la Mama. Mama aliisoma amesimama kibanjani katikati ya migomba, kisu cha kukatia majani mkononi. Akaniita mimi na Baba. Akaniuliza, kwa sauti ile ya chini anayoitumia akiwa na hasira, "Mzee wa miaka sitini ni nani?"

Baba akachukua ukurasa wa kwanza, akasoma mpaka kwenye vitunguu, akakaa chini kwenye nyasi akicheka. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Rugaibula aoe? Yule huonja kila kitu akakitema."

Mama hakucheka. Alikuwa amefika ukurasa wa pili. Aliusoma, akaurudia, kisha akaukunja akauweka kwenye mfuko wa gauni. Baba aliponyamaza akasema kwamba basi nyumba imepatikana, Bi Saburi ni mtu anayejulikana. Halafu akamtazama Mama, akasema, "Lakini mlango ule si wangu kuufungua."

Mama akaniambia, "Mjibu wewe. Wewe ndiye uliyejiozesha." Akaenda kukata majani ya migomba, mengi kuliko yaliyohitajika.

Jioni nilikuta ule ukurasa wa pili juu ya kitanda changu. Nimeusoma. Bi Nuriat hakuja kuniona kwa sababu hakuwa na mtoto wa kumpa jina la Mama. Miaka yote nilidhani jina langu lilikataliwa. Nadhani Mama naye alidhani hivyo, na sasa amegundua amekasirika bure, na hajui aiweke wapi hasira yenyewe. Nafasi yangu ya mafunzo iko mikononi mwake, na siwezi kumsukuma. Unajua nilivyo.

Nuriat


Nshamba,
21 Desemba 2024

Bi Nuriat,

Shikamoo. Siolewi. Naandika hilo kwanza ili upumue.

Bwana Rugaibula ni mwonjaji wa kahawa. Januari ataanza kutufundisha vijana sita, na wawili kati yetu ni wavulana. Hataki manukato kwa sababu yanaharibu pua, wala vitunguu kwa sababu vinaharibu ulimi. Nilitaka kukuomba mahali pa kukaa hiyo miezi mitatu, nikaona aibu, nikaandika neno somo nikidhani maana yake ni mtu tunayechangia naye jina. Kwetu ndilo tunalolijua.

Nisamehe kwa kukutoa machozi. Na ukurasa wa pili wa barua yako nimeusoma. Mama ndiye aliyeniachia. Sikuutafuta.

Nuriat


Kitendaguro,
28 Desemba 2024

Mwanangu,

Nimecheka peke yangu mpaka jirani akaja kuuliza kama nimepatwa na jambo. Nilikuwa nimeshamsema Rugaibula wa watu kwa wateja wawili. Itabidi nikawasahihishe.

Chumba kipo. Dirisha lake linatazama migomba michache niliyo nayo, hutaona ugeni. Vitunguu tutaacha wote, na udi nitafukiza kwa jirani.

Lakini sitakupokea kwa kujificha. Nimeshaonekana nililikataa jina, sitaki tena nionekane nimeliiba pamoja na mtoto. Nataka neno la mama yako. Hata moja.

Nuriat Saburi


Kitendaguro,
18 Januari 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo, na Baba pia. Nimefika salama, na kazi nimeianza. Sikuandika mapema kwa sababu nilitaka kwanza niwe na jambo la kuandika, na sasa ninalo, lakini ni gumu kidogo.

Nianze na jepesi. Siku ya kwanza Bi Nuriat alinisindikiza mpaka chamani. Alimtazama Bwana Rugaibula kuanzia viatu mpaka kofia, akaniinamia sikioni akasema, "Afadhali ni kahawa." Bwana Rugaibula hakusikia. Tunavuta kahawa kwa kijiko kwa kishindo, kisha tunatema. Mimi nilishindwa kutema mbele za watu, nikameza vikombe vyote vya siku ile, sikupata usingizi. Jana alitupa vikombe vitano, nikatambua kimoja ambacho kahawa yake ilianikwa chini kwenye udongo. Hakunisifu. Alisema tu, "Huyu kijijini kwao wanatumia turubai." Wenzangu wanasema hiyo kwake ni sifa.

Sasa lile gumu. Nilipofika hapa mlangoni, kitu cha kwanza Bi Nuriat aliuliza umesema neno gani. Nilimwambia ulinifungia nguo na ndizi, ukanisindikiza mpaka kwenye lori la Avit, ukaniambia, "Nenda." Akafikiri. Akasema hilo ni neno lako kwangu, siyo lako kwake. Lakini mvua ilikuwa inanyesha na nilikuwa nimelowa, akasema niingie, tutakaa hivyo mpaka neno lije. Analisubiri, Mama. Avit akipiga honi huacha anachofanya.

Katika nyumba hii majina yalianza kutusumbua mapema. Mteja asiye wa mtaa huu akibisha na kuita Nuriat tunatoka wote, mimi narudi ndani nimeona haya. Jumatano nilikuwa nyuma ya nyumba nakamua nguo. Nikasikia Bi Nuriat anaita kutoka jikoni, "Benigna!" Niliacha nguo nikatazama njiani, nikadhani umekuja. Hapakuwa na mtu. Nilipogeuka alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama mimi. Akasema, taratibu kuliko anavyosemaga, "Nilitaka kusikia linavyotoka. Ukikataa sitaudhika."

Sikujibu. Ningependa kumjibu. Ni mtu mwema, na jikoni huwa ananiwekea vipande vya ndizi vya chini ya sufuria kwa sababu alisikia navipenda. Lakini nilikumbuka kwamba hilo siyo jina langu kulitoa. Ni lako, na wewe una sababu zako ambazo sizijui zote. Nikainama nikaendelea kukamua. Tangu siku ile haniiti Nuriat wala Benigna. Ananiita "wewe," na anaisema kwa upole sana, ndiyo maana inaniuma.

Sitaki kukusukuma. Ukisema nirudi, nitarudi. Nimekuandikia tu uniambie nifanye nini akiita tena.

Mwanao,
Nuriat


Nshamba,
21 Januari 2025

Nuriat,

Akikuita, itika.

Mama yako,
Benigna